Jogoo wa Rangi ya Jivu

Saa moja asubuhi ya Alhamisi, Sajini Machibya alisaini kitabu cha vielelezo, akachukua nzi moja iliyokuwa ndani ya mfuko wa nailoni, akaenda nayo mahabusu. Mkono wa pili alibeba jiliwa dogo la chuma la kubania vitu, boksi la karatasi na kikombe cha maji. Askari wa zamu alimwuliza kama anakwenda kuvua. Machibya akamwambia afungue mlango.

Nzi yenyewe haikuwa mdudu. Ilikuwa ndoana ndogo kama punje ya mpunga, imevishwa manyoya ikafanana na mdudu. Wanawake wanane walikuwa wakizifunga nzi za namna hiyo katika karakana moja ya Bweri, na zikishafungwa zinapelekwa Ulaya. Huko watu wanazirusha juu ya mito ya baridi, wanamvua samaki anaitwa trauti, wanampiga picha, halafu wanamrudisha majini. Mjini Musoma, ambako mtu akitupa wavu anautupa ili ale, habari hiyo ilikuwa bado inawachekesha watu.

Jumanne asubuhi Renatus, mkaguzi wa karakana, alikutwa amelala kati ya meza, kisogo kimepasuka, na ndani ya ngumi yake ya kulia kuna nzi moja ya kijivu. Katika wale wanawake wanane, nzi ya kijivu ilikuwa kazi ya mmoja tu, Rhobi Magige, mwenyeji wa Buswahili kule Butiama. Na Jumatatu mchana Renatus alikuwa amezikataa nzi zake dazani tatu mbele ya wenzake. Rhobi alimjibu, wote wakisikia, kwamba iko siku atakufa ameshika nzi mkononi.

Kwa Afande Isaya, mkuu wa upelelezi, kesi ilikuwa imekwisha hapo. Hakuwa amekanyaga Bweri. Alisoma ukurasa mmoja, akaagiza kwamba Alhamisi saa nane mchana mama huyo asomewe shitaka la kuua. Shitaka hilo halina dhamana. Mtu akishasomewa anaingia gerezani, na kutoka kwake ni mpaka karatasi zizunguke kwenye meza za watu ambao hawajawahi kuwa na haraka.

Machibya alikuwa na saa saba. Aliomba gari, akaambiwa limepeleka mgeni. Gari la kituo kila siku limepeleka mgeni.

Rhobi alikuwa mama wa miaka kama arobaini, mrefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Machibya alilifunga jiliwa kwenye ukingo wa benchi, akatoa mfukoni uzi, manyoya, kibano na wembe vya karakana, akamwomba afunge nzi ya kijivu kama anavyofunga kila siku, taratibu, na aseme anachofanya.

"Nikifunga ndiyo mnapata kitu cha kuninyongea."

"Cha kukunyongea wanacho tayari," alisema Machibya. "Mimi ndiye sina kitu. Funga, mama."

Akafunga. Alibana ndoana kwenye jiliwa, akaizungushia uzi mweusi uliopakwa nta, kutoka karibu na tundu mpaka kwenye mkunjo. Akaweka mkia, nyuzi tano sita za unyoya mgumu. Kisha akasokota manyoya ya sungura kwenye uzi ule, kama mtu anayesokota utambi, akayarudisha mbele mpaka mwili wa mdudu ukaanza mwembamba nyuma na kunenepa kifuani. Mpaka hapo ilikuwa bado ndoana iliyovaa sweta. Ndipo alipochukua unyoya wa shingo ya jogoo, akaushika ncha, akauzungusha mara tano, na nyuzi zake zikasimama pande zote. Kichwa akakimaliza kwa mizunguko minne ya uzi inayojibana yenyewe. Akakata kwa wembe.

Machibya aliidondosha nzi ile kwenye kikombe. Ilisimama juu ya maji, imeegemea manyoya yake, haijalowa popote.

"Hiyo ndiyo tunaitaga mkavu," alisema Rhobi. "Kazi yake ni kuelea. Ikizama, siyo nzi tena, ni uchafu."

Machibya alifungua boksi la karatasi. Ndani yake zilikuwamo zile dazani tatu zilizokataliwa. Akatoa moja, akaidondosha karibu na ya kwanza. Ilikaa juu kwa muda wa kuhesabu mpaka nane, ikalala ubavu, ikazama.

Rhobi hakuonyesha kushangaa. Alisema hicho ndicho alichogombana na Renatus, kwamba nzi zile siyo zake. Kila Ijumaa kila mama anafunga boksi lake, anaandika namba yake, anamkabidhi Felisian, msimamizi mwenye ufunguo wa stoo. Jumatatu Renatus anayafungua na kukagua. Renatus alimwonyesha namba kwenye boksi, akamwuliza kama na hiyo siyo yake.

"Kwa nini zinazama?"

Alichukua kibano, akamtolea unyoya mmoja kutoka nzi nyingine ya boksi lile, akamwekea kwenye kiganja.

"Ona hapa katikati. Una pamba. Jogoo wa Wazungu wanamfugaga kwa ajili ya shingo tu, unyoya wake mkavu mpaka mwisho, tunaletewa ngozi nzima na manyoya yake. Huyu ni jogoo wa kwetu, analala jikoni. Unyoya wake unakunywa maji."

Sasa Machibya alimwonyesha ile ya kwenye mfuko wa nailoni, ile ya ngumi ya marehemu. Hakumruhusu aiguse. Akampa lensi. Rhobi aliitazama muda mrefu, akiugeuza mfuko huku na huku.

"Pamba ileile," alisema. "Lakini kichwa chake cha kahawia. Angalia na hizi za boksi, vichwa vyote vyeusi. Sisi uzi wa kahawia hatuna, afande. Hata stoo hakuna."

Machibya aliandika: unyoya wa kienyeji, uzi wa kahawia. Akamwuliza jambo la mwisho, kama alizungumza na Felisian siku ile ya Jumatatu. Rhobi alisema hapana, Felisian aliaga saa sita mchana, akasema ana msiba Buswahili. Machibya alilijua hilo. Ndiyo maelezo aliyoyatoa Felisian mwenyewe kituoni, kwamba aliondoka saa sita na kurudi Musoma Jumanne saa nne, Renatus akiwa ameshachukuliwa.

"Msiba wa nani?" aliuliza Machibya.

"Na mimi nilijiuliza. Buswahili nina ndugu kila nyumba. Akifa mtu kule napigiwa simu kabla hajafunikwa uso. Wiki hii hajafa mtu."

Neno la mtuhumiwa halina uzito mbele ya Afande Isaya. Kuku ana uzito zaidi. Machibya alikunja karatasi yake, akawasha pikipiki.

Majogoo wengi wanaouzwa Musoma wanatoka mnada wa Bunda, na wa kijivu huwa wachache. Mtu anayehitaji nzi dazani kwa dazani anahitaji shingo nyingi. Kwa hiyo Machibya alikwenda Bunda, mwendo wa saa moja na robo, nyuma ya malori ya pamba yanayomwaga nyuzi barabarani. Wauza kuku hawakumchelewesha. Alipotaja jogoo wa kijivu, walitazamana. Mmoja alicheka, akashauri afande ashughulike na wezi wa ng'ombe. Mwingine, mama mwenye matenga matatu, alimvuta pembeni akamwambia kwamba tangu mwaka jana wa kijivu wote wananunuliwa, hata vifaranga, na kila mtu anajua wanakokwenda. Mtu mwenye akili zake hatafuti kuku wa rangi moja ili amle. Wanakwenda kwa Kwangu, mganga.

Ilikuwa na maana. Pia ilikuwa na hatari, kwa sababu kama manyoya yale yalitoka kwa mganga, Afande Isaya angesema Rhobi alikwenda kuroga kwanza ndipo akaua, na jalada lingenenepa.

Kwangu alikuwa na kibao kikubwa kando ya lami, simu mbili, na miwani ya kusomea. Alimsikiliza Machibya mpaka mwisho, akavua miwani, akacheka mpaka akakohoa.

"Na wewe umeamini? Sajini mzima?" Alifuta macho. "Mimi nachukua mweupe. Nachukua mweusi. Mwekundu nikikosa. Wa kijivu wa nini? Huyo hata mizimu ukimpelekea inakuuliza kama umefulia."

Alipomaliza kucheka alikasirika. Alisema habari hiyo imemharibia jina. Wateja wake wanamletea majogoo wa kijivu bila kuulizwa, na wengine wameacha kuja, wanasema Kwangu ameanzisha mambo mapya ya giza. Akalalamika kwa viongozi wa chama chao cha waganga. Wakamwambia aandike barua. Ameandika tatu.

"Basi nikafanya upelelezi mwenyewe. Wewe una mshahara, mimi nina jina langu. Nikamfuata mama anayewanunua mpaka Guta, kwa pikipiki, nikachungulia uani. Anaitwa Debora, mjane. Sasa sikiliza, sajini. Hawachinji. Anawanyonyoa shingo, halafu anawaachia watembee." Kwangu alivaa tena miwani. "Miaka thelathini niko kwenye kazi hii, sikuwahi kuogopa ua wa mtu. Siku ile niliogopa."

Saa tano kasoro Machibya aliingia Guta. Nyumba ya Debora ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati jipya, imepakana na shamba la pamba ambalo nusu yake ilikuwa imeshavunwa. Uani kulikuwa na majogoo kumi na mmoja wa rangi ya jivu, shingo zao wazi na nyekundu kama zimemwagiwa maji ya moto, wanachakura bila wasiwasi. Chini ya dirisha palikuwa na meza, na juu ya meza jiliwa, pacha la yale ya karakana. Mwenye nyumba alikuwa ameketi hapo, anafanya kazi. Alikuwa mama mnene, mtulivu, khanga begani. Alisimama akamwamkia, akamletea kigoda. Hakuficha kitu chochote, na hilo lilimwambia Machibya mambo mengi kabla hajauliza swali.

Aliuliza nzi ni za nani. Debora alisema ni za shemeji yake Felisian, mdogo wa marehemu mume wake, msimamizi wa karakana ya Musoma. Ni kazi ya ziada, oda zikizidi. Felisian alimpeleka pale wiki mbili afagie, na katika kufagia akamwambia awatazame wenzake mikono. Ngozi za kizungu hakuwahi kupewa hata moja. Shemeji alisema zimepungua, atumie jogoo wa nyumbani.

"Zimepungua zimekwenda wapi?"

"Sijui, baba. Namsikiaga kwenye simu anaongea na watu wa Sirari, kule mpakani."

Machibya hakuhitaji zaidi kuhusu hilo. Ngozi zinavuka mpaka, nzi za kuku wa jikoni zinaingia kwenye maboksi ya akina mama, na zikirudishwa na wateja, wanaofokewa ni akina mama. Aliichukua nzi iliyokuwa mezani, akaitazama kichwa. Cheusi.

Akaeleza kwamba anataka kumwonyesha kitu, na amjibu taratibu. Akaweka mfuko wa nailoni mezani. Debora aliinama, hakutumia hata lensi.

"Hii ni mojawapo ya zile nne," alisema.

"Nne zipi?"

"Jumatatu uzi mweusi uliniishia. Ilikuwa saa nane, nimebakiza nne tu boksi lijae. Nikachukua uzi wa kahawia wa cherehani, ule pale. Nikamaliza. Shemeji alivyokuja nikamwambia, akasema haidhuru, mzungu haangalii kichwa."

"Alikuja lini?"

"Siku hiyohiyo, saa kumi. Alichukua boksi, akaniletea kibunda cha uzi mweusi, hata maji hakunywa. Nakumbuka kwa sababu alinichelewesha kwaya."

Machibya alimwuliza kama kuna nzi yoyote yenye kichwa cha kahawia iliyobaki, au iliyotoka pale nyumbani kabla ya hapo, au mtu mwingine aliyeingia kati ya saa nane na saa kumi. Akaliuliza swali hilo kwa namna tatu. Majibu hayakubadilika. Akayapanga mambo kichwani. Nzi ile haikuwapo duniani kabla ya saa nane mchana wa Jumatatu. Saa hiyo Rhobi alikuwa Bweri, mezani kwake, mbele ya wenzake saba. Saa kumi ilitoka Guta ndani ya boksi la Felisian, ambaye alisema yuko msibani Buswahili. Asubuhi ilikuwa kwenye ngumi ya Renatus. Kati ya meza hii na ngumi ile kulikuwa na mikono ya mtu mmoja. Renatus alibaki karakana peke yake akikagua, Felisian akaingia na boksi akidhani hakuna mtu, na mkaguzi, aliyekuwa ametukanwa mchana kutwa kwa nzi zinazozama, akachota moja akaiangalia.

Alitoa karatasi za maelezo, akaanza kuandika. Debora alimtazama akiandika. Machibya alipofika kwenye jina la Felisian, mama aliuliza kuna nini hasa. Machibya akamweleza. Mama wa watu aliweka mikono yote miwili mezani.

"Nyumba hii mume wangu alijenga," alisema. "Lakini kiwanja kina jina la Felisian. Mwenyekiti wa kijiji aliandika hivyo baada ya mazishi, akasema mwanamke ataolewa aende. Nikiweka kidole hapo, nitalala wapi?"

Wenye majibu ya swali hilo hawakuwa wanapatikana Guta. Machibya alimwambia tu kwamba kuna mama mwenzake mahabusu, anaitwa Rhobi, saa nane anasomewa kesi ya kuua kwa ajili ya nzi hii.

"Ana watoto?"

"Watatu."

"Nikisaini, anatoka leo?"

Machibya alitazama saa. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. "Nikiwahi, anatoka."

Debora hakutumia kidole. Alichukua kalamu, akaandika jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine, kwenye kila ukurasa. Zilikuwa kurasa tatu.

Machibya alimpigia Afande Isaya akiwa amesimama palepale, ili wasianze safari ya mahakamani kabla hajafika. Afande alipokea akiwa anatafuna. Alisema sajini amechelewa. Saa nane yeye ana kikao, kwa hiyo aliagiza jambo lile lifanywe mapema. Mama amesomewa saa tano, hakutakiwa kujibu chochote, amepelekwa gerezani, kesi itatajwa baada ya siku kumi na nne.

Machibya alieleza kwa kifupi alichokipata. Boksi, saa kumi, uzi wa kahawia.

"Uzi?" alisema Afande Isaya. "Machibya, unanipigia simu wakati wa chakula kuhusu uzi?" Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, hayo maelezo yanamtaja nani. Machibya alimwambia mtandao unakatika, akakata yeye.

Alipogeuka, Debora alikuwa amesimama.

"Wameshampeleka," alisema Debora. Hakuwa anauliza.

"Wameshampeleka."

Alinyoosha mkono. "Basi nipe karatasi zangu."

"Siwezi, mama."

"Ulisema leo."

"Nilisema nikiwahi."

Mkono wa Debora ulibaki umenyooshwa. Machibya alijua angeweza kuweka kurasa zile tatu kwenye kiganja kile, na mama huyu angelala kwenye nyumba yake usiku huu na kila usiku. Na Rhobi angekaa gerezani mpaka watoto wake wasimjue sura. Alizikunja, akaziingiza ndani ya shati, akafunga kifungo. Hakuomba radhi. Angeomba radhi, ingekuwa kama wale wakubwa wanaoomba radhi kwenye redio.

Debora aliingia ndani. Alikaa huko kwa muda, vyombo vikigongana. Alipotoka alikuwa na furushi la nguo, sufuria moja na kitabu cha nyimbo. Alivuta mlango, akaweka kufuli, akaujaribu mara mbili.

Machibya alimwambia apande, atamfikisha popote.

"Mtu akipandishwa na nyie hafikagi anakokwenda," alisema Debora. Akamwekea ufunguo mkononi. "Huu mpe Felisian. Wewe utamwona leo. Mwambie nimetoka mwenyewe, hakunitoa."

Akaweka furushi kichwani, akashika njia ya shambani. Machibya alitia ufunguo mfukoni, akapiga pikipiki teke mara mbili ikawaka, akaelekea Bweri mbio zote, kabla Afande Isaya hajamaliza kula akakumbuka namba ya simu ya Felisian.